Jinsi ya kuendesha programu ya likizo kwenye maktaba ndogo, hata kama mpo wafanyakazi wawili tu

Ukiwa na maktaba ya mji mdogo, chumba kimoja, rafu za kuhesabika, kompyuta tatu ambazo moja inawaka ikijisikia, na wafanyakazi wawili ukijihesabu na wewe, alafu ukaambiwa likizo ndefu inakuja uandae programu ya watoto, mkono wenyewe unakimbilia karatasi kuchora ratiba. Jumatatu hadithi, Jumanne kazi za mikono, Jumatano sijui nini. Hiyo karatasi weka pembeni kwanza. Mie mwaka wa kwanza nilianza hivyo hivyo, ratiba ilipendeza kweli pale mlangoni, wiki ya tatu sauti imekauka na vitabu vilivyorudishwa vimejaa mpaka sakafuni hakuna wa kuvipanga, sababu kila kitu kwenye ile ratiba kilikuwa kinanisubiri mimi.

Anza na watu. Chukua daftari uandike majina ya watu ambao mji unawajua kwa kitu fulani: fundi baiskeli, fundi cherehani, bibi mwenye hadithi zisizoisha, mwalimu mstaafu, nesi, kijana anayechora, yule anayefuga nyuki. Bado hujaomba mtu, unaandika tu. Ukifika majina 20 utashangaa, maana ukikaa pale kaunta unawaza huna mtu wa kukusaidia kumbe unawapita kila siku ukienda kazini.

Kuomba nako kuna namna yake. Ukimwambia mtu "njoo ujitolee maktaba" anakujibu sawa sawa nitaangalia, na hapo ndo mwisho. Mwambie kitu kimoja, siku moja, saa moja: njoo Jumatano saa nne asubuhi uwafundishe watoto kumi kuziba pancha, saa tano unaondoka, vifaa juu yangu. Hapo anaweza kusema ndiyo au hapana, na wengi watasema ndiyo. Mfuate kazini kwake, usitume ujumbe, ujumbe unasomwa unasahaulika. Akimaliza siku yake usimwombe nyingine hapo hapo, mwache aende amsimulie mke wake au mume wake, wiki ijayo atakuja mwenyewe kuuliza. Majina yakishakubali ndo ratiba inajichora, na weka siku mbili tu kwa wiki, tatu ukiwa jasiri. Siku zilizobaki maktaba ifanye kazi ya maktaba.

Sasa upande wa kusoma, maana mwisho wa yote hii ni maktaba siyo uwanja wa michezo. Kuna uchambuzi wa Harris Cooper na wenzake wa mwaka 1996, walikusanya tafiti za Marekani wakaona kwamba kwa wastani mtoto anarudi shule akiwa amepoteza kama mwezi mmoja wa aliyojifunza, na kwenye kusoma wa familia zenye kipato kidogo ndo walioumia zaidi. Watafiti wa baadaye wanabishana gepu hilo ni kubwa kiasi gani, wacha wabishane. Kinachonisaidia mie zaidi ni kazi ya Richard Allington na Anne McGill-Franzen iliyotoka 2010: watoto wa shule za kipato cha chini Florida walipewa vitabu 12 kila likizo kwa miaka mitatu mfululizo, na vingi walichagua wenyewe, wakaja kuwapita kwenye kusoma wenzao ambao hawakupewa. Rudia hapo kwenye kuchagua wenyewe. Mtoto akija na kitabu cha katuni, au cha magari, au kile kile alichosoma mara nne, mwandikie kwenye kadi yake aende nacho. Mzazi akikunja uso, wewe kunjua tabasamu.

Hesabu dakika badala ya vitabu. Ukisema anayesoma vitabu vingi anashinda, mtoto wa miaka kumi atabeba vile vya kurasa 12 vyenye picha ya bata, na yule anayesoma polepole ataacha wiki ya kwanza sababu ameshaona kushinda haiwezekani. Dakika 20 kwa siku zinatosha, anapaka rangi kiboksi kwenye kadi yake. Kumsomea mdogo wake kuhesabike, kusikiliza kitabu cha sauti kuhesabike, kusoma kwa lugha ya nyumbani kuhesabike. Kama lazima uhesabu vitabu basi weka idadi ndogo ambayo kila mtu anaifikia, Uingereza kule wana Summer Reading Challenge tangu 1999 na kwa miaka mingi lengo lilikuwa vitabu 6 tu likizo nzima, ukifikisha umemaliza, hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Zawadi zinanigombanisha na watu kila mwaka. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wadogo wanaopenda kuchora, kundi moja likaahidiwa cheti kizuri wakichora, lingine likapewa cheti kwa kushtukizwa tu, lingine halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye walioahidiwa ndo wakawa hawana hamu na kalamu kama zamani. Wale wa kushtukizwa hawakudhurika. Kwa hiyo usibandike picha ya baiskeli mlangoni ukasema soma ushinde hii, utapata umati wiki mbili na likizo ijayo watakuuliza mwaka huu ni nini, pikipiki? Toa vidogo bila kutangaza: stika, alamisho la kitabu lililochorwa na yule kijana wako, ruhusa ya kupiga muhuri wa tarehe kaunta kwa nusu saa. Huo muhuri usiudharau, kuna mtoto alisoma likizo nzima kwa ajili ya muhuri. Na kitabu cha kubaki nacho ndo zawadi bora kuliko zote kama una wafadhili.

Kusoma kwa sauti tena. Mwaka 1999 Salt Lake City kule Marekani walianzisha mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofunzwa, watu wakacheka, lakini ukifikiri una akili sana, maana mbwa hacheki ukikosea na hakatizi kusema "hapana, rudia hapo". Sikuambii ulete mbwa. Tafuta msikilizaji asiyesahihisha, mfano yule fundi cherehani akae anashona vifungo, mtoto mmoja anamsomea dakika kumi, anakuja mwingine. Mikono yake ina kazi, macho hayamwangalii mtoto, mtoto analegea anasoma. Mwelekeze tu mapema asirekebishe neno hata kama linamuwasha.

Vijana wa sekondari usiwaandalie programu kabisa, hawaji. Wape kazi. Wawe wanasimamia meza ya kazi za mikono, wanaandikisha majina, wanapanga viti, wanatengeneza mabango na kuposti, na wawe na cheo chenye jina. Kijana wa miaka 15 aliyekataa kukanyaga maktaba anafika kabla yako akijua funguo ya stoo iko kwake. Mwisho muandikie barua inayosema alifanya saa ngapi na kazi gani, itamsaidia akiomba nafasi mahali.

Usalama wa watoto siyo sehemu ya kuonea mtu haya. Anayejitolea hakai na mtoto peke yake chumbani, muda wote watu wazima wawili au mlango wazi mbele ya kaunta, na kama mahali mlipo kuna utaratibu wa kukagua rekodi za wanaofanya kazi na watoto ufuate kwa wote, hata kwa bibi wa hadithi. Fomu moja ya mzazi: simu, nani anamchukua mtoto, anaumwa nini, anaruhusu picha au haruhusu. Wasioruhusu picha wape kadi ya rangi nyingine shingoni ili mpiga picha aone. Na filamu, kuwa na DVD kwenye rafu hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma, ulizia leseni kwanza au achana nayo.

Wiki tatu kabla shule hazijafungwa nenda shuleni mwenyewe, usipeleke tangazo likabaki ofisini. Ingia darasa kwa darasa dakika tano, soma ukurasa mmoja mtamu wa kitabu ufunge pale pale panaponoga, uwaandikishe hapo hapo. Ukingoja waje maktaba kujiandikisha utapata wale wale wa siku zote. Kuna na hili la faini, watoto wengi hawaji sababu walichelewesha kitabu mwaka juzi na mama kasema tusipite njia ile. Maktaba za Chicago kule Marekani walifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019 na vitabu vilivyokwishasahaulika vikaanza kurudi. Hata kama huna mamlaka ya kufuta moja kwa moja, omba bosi wako aruhusu msamaha wa faini wa mwezi mmoja kabla ya likizo, utarudishiwa vitabu na watu kwa pamoja.

Pesa kama haipo, jiungeni na maktaba za jirani. Marekani kuna umoja wa programu za likizo ulioanzia Minnesota mwaka 1987, kilichowakutanisha ni mada moja na michoro ya pamoja, kila mmoja asilipie mchoraji wake. Nyie wawili watatu mnaweza: mada moja, bango moja, projekta moja inayozunguka kwa zamu, na wageni wenu wanazunguka pia.

Hesabu vitu vichache tu. Waliokuja si muhimu sana, kinachotakiwa ni waliorudi mara ya tatu, kadi mpya, na vitabu vilivyoazimwa ukilinganisha na miezi hiyo hiyo mwaka jana. Namba hizo tatu kwenye karatasi moja na picha mbili, pelekea wanaogawa bajeti kabla hawajakaa kikao, siyo baada.

Wiki ya mwisho waite wote waliojitolea siku moja na watoto, watoto ndo wawaonyeshe walichojifunza, yule wa pancha azibe pancha mbele ya fundi. Wakiwa bado wanacheka pita na daftari lako la majina, ukurasa mpya, uandike tarehe za mwaka ujao. Na muulize kila mmoja atamleta nani.