Amezubaa kwa Ugonjwa au kwa Dawa? Namna ya Kuchunguza

Sauti zimenyamaza na usingizi umerudi, lakini mgonjwa wa skizofrenia anashinda kakaa, haongei, haogi mpaka asukumwe. Nyumbani wanasema ni uvivu, au ndivyo ugonjwa ulivyo. Kabla hamjakubali hivyo, chunguzeni dawa.

Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, ina kazi nyingi. Ikizidi upande mmoja, mtu husikia sauti na kuhisi anawindwa; ikipungua kwingine, hamu na mwendo huzorota. Haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti hizo, haichagui upande, hufunga vipokezi vya D2 kote, yaani milango ambayo dopamini hupitishia ujumbe wake. Vikifungwa kama asilimia 65, wengi huanza kupata nafuu. Ikipita 80, nafuu haiongezeki, ila mwili hukakamaa. Kwa hiyo kuongeza dozi ili achangamke ni kosa kubwa.

Anza na mwendo. Mwambie atembee hatua kumi, ageuke, arudi. Mikono isipocheza, naye akageuka kwa vihatua vidogo mwili mzima kama gogo, shuku dawa. Mpe kalamu aandike sentensi ileile mistari mitano, uone kama herufi zinazidi kuwa ndogo. Halafu shika mkono wake, ukunje na kuukunjua polepole kwenye kiwiko: je, unakwamakwama kama gurudumu lenye meno? Angalia na mto asubuhi, kama umelowa mate. Ukakamavu ukija pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Andika tarehe dozi ilipopandishwa au sindano ilipochomwa, na tarehe alipoanza kuzubaa. Ukakamavu wa dawa kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki chache.

Anayetumia klozapini au olanzapini, dawa nyingine za skizofrenia, muulize habari za sigara. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liivunje dawa haraka. Akiacha kuvuta, dozi ileile hupanda kwenye damu, naye anasinzia mchana kutwa. Kuacha ni vizuri, ila daktari ajue mapema apunguze dozi.

Sonona nayo hufanana na hali hii. Akijilaumu, akilia au akitaja kufa, msisubiri kliniki ijayo.

Mpelekeeni daktari maandishi hayo. Anaweza kupunguza dozi kidogo kidogo, kubadili dawa, au kuongeza benzheksoli, ambayo hulegeza mwili lakini hukausha mdomo na kutia usahaulifu, hivyo mkumbusheni aipitie upya. Kama mwili ni mlegevu na huzuni haipo, huenda ni ugonjwa wenyewe, na hapo dawa nyingi husaidia kidogo. Kwa hali hiyo, kariprazini ilifanya vizuri kuliko risperidoni, zote zikiwa dawa za skizofrenia, katika jaribio lililochapishwa 2017.

Msimkatishe dawa wenyewe. Sindano ya muda mrefu hubaki mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo aliyeikosa anaweza kuchangamka mwanzoni, familia ikadhani haihitaji tena. Sauti hurudi baadaye, sindano ikishaisha mwilini.