Fomu yako isifute kazi ya mwingine

Wiki hii makarani wawili walifungua rekodi ya mteja mmoja kwa wakati mmoja. Aliyehifadhi mwisho akafuta namba ya simu aliyosahihisha mwenzake, na hakuna aliyegundua. Dawa ni safu moja tu ya ziada kwenye jedwali la hifadhidata: iite toleo, iwe namba nzima, ianze na 1. Fomu ikifunguka, toleo liwekwe kwenye sehemu iliyofichwa. Kuhifadhi iwe hivi, kila ? ikijazwa na thamani kutoka kwenye fomu, ya mwisho ikiwa lile toleo lililofichwa:

UPDATE wateja SET simu = ?, toleo = toleo + 1 WHERE id = ? AND toleo = ?

Kisha angalia ni rekodi ngapi zimebadilika. Ikiwa ni 0, kuna aliyekutangulia, au rekodi imefutwa. Mwonyeshe mtumiaji data mpya pamoja na alichokwisha kuandika. Tafadhali usimfutie fomu nzima. Kuandika upya kunaumiza.

Inafaa kwa sababu ukaguzi na uandishi viko ndani ya amri moja. Ukikagua toleo kwa SELECT (amri ya kusoma) kwanza, halafu ukaandika kwa amri nyingine, mwanya unabaki palepale. Tena, kwa kuwa toleo huongezeka kila mara, hifadhidata ya MySQL haitakurudishia 0 eti kwa sababu simu mpya ni sawa na ya zamani.

Haisaidii pale mtu anapobadilisha data kwa mlango mwingine, mfano phpMyAdmin (programu ya kusimamia hifadhidata), bila kuongeza toleo. Hapo kazi ya kuongeza iachie triga ya hifadhidata (amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapobadilishwa), na uiondoe kwenye amri ya fomu.