Utafiti wa muziki ukiwa chuo Dodoma: vitabu, makala na rekodi unavipata hivi

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu za muziki hapa Dodoma, mimi huko nimeshapita, na kilichonila muda sio kuandika, ni kutafuta. Nilikuwa nafanya ngoma za Wagogo, wiki mbili nzima nasachi maneno yaleyale "muziki wa Wagogo", kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, napata vitu viwili vitatu basi, nikaamini hakuna aliyeandika. Kumbe wameandika sana tu, ila majina wameyaandika kwa tahajia zao.

Kwahiyo kabla hujawasha kompyuta chukua karatasi uandike kila namna jina linavyoweza kuandikwa. Kabila utalikuta Gogo, Wagogo, Ugogo, lugha Chigogo au Cigogo. Ala utakuta zeze na izeze, ilimba na irimba na malimba. Ngoma usisachi "ngoma" tu, taja yenyewe, muheme, nindo, msunyunho. Hata nchi, maana maandishi ya kabla ya 1964 hayana neno Tanzania, yana Tanganyika, na ya wakati wa Mjerumani yana Deutsch-Ostafrika. Sachi jina moja moja halafu changanya mawili mawili. Mimi neno muheme peke yake lilinitolea makala ambazo sikuwahi kuziona wiki zote mbili zile, na hapo ndo nikakutana na kazi za Kedmon Mapana, Mgogo mwenyewe, na za Mhispania Polo Vallejo aliyesoma muziki wa Wagogo kwa miaka mingi. Ukipata makala moja nzuri nenda moja kwa moja kwenye marejeo yake mwishoni, huko ndo kuna dhahabu.

Maktaba ya chuo sasa. Kama wanapanga kwa Dewey, ule mfumo wa namba za rafu, muziki uko 780 mpaka 789, ila kwa muziki wa asili usiishie hapo jamani, maana anayeandika mila za watu anaweka nyimbo humohumo ndani na kitabu kinakaa rafu nyingine kabisa. Pita 306 kwenye utamaduni, 398 kwenye simulizi na 967.8 kwenye historia ya Tanzania. Mathias Mnyampala, mshairi wetu huyu, aliandika historia na mila za Wagogo miaka ya 1950, kitabu kama hicho huwezi kukikuta kwenye rafu ya muziki. Na kama chuo chako kinapanga kwa herufi, M ni nota, ML ni maandishi kuhusu muziki, MT ni ya kufundishia. Halafu msalimie mkutubi vizuri, kaa naye umweleze mada yako yote, sio jina la kitabu tu, wale wanajua vitabu vilivyoko stoo ambavyo havijaingia kwenye katalogi.

Makala za kulipia usitoe hela yako. JSTOR, ile hazina ya makala mtandaoni, na nyingine nyingi zinafunguka ukiwa kwenye wifi ya chuo kama chuo kimejiunga, maana zinatambua mtandao wa chuo sio jina lako, ndo maana ukienda geto link ileile inakuomba dola. Muulize mkutubi kuhusu Research4Life, ule mpango wa taasisi za nchi kama yetu, na omba pasiwedi ya kuingilia ukiwa nje. Daunlodi ukiwa palepale, weka kwenye flashi, na faili lipe jina la mwandishi na mwaka, maana baada ya mwezi utakuwa na mafaili mia yenye namba tu hujui lipi ni lipi. Tasnifu za wenzetu zipo bure kwenye hazina za mtandaoni za UDOM na UDSM. Wa nota za kizungu na kwaya nendeni IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, za zamani zisizo na hakimiliki zipo bure.

Rekodi ndo zilizonigusa kuliko vyote. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, Wagogo wakiwemo, na kazi zake zinatunzwa ILAM, ile maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, katalogi yao ipo mtandaoni, na jarida lao la African Music linatoka tangu 1954, na matoleo yake ya zamani yanasomeka bure. Berlin wana hazina ya sauti iliyoanza 1900, humo kuna rekodi za Afrika Mashariki. Za Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003, zipo nyingi, ila angalia maelezo ya albamu sio yutyub peke yake, maana kule mtu anapandisha wimbo bila mwaka, bila kijiji, bila jina la mpigaji, na wewe msimamizi atakuuliza vyote hivyo.

Ukishapata rekodi ya zamani iweke kwenye simu panda gari uende Chamwino au kijiji chochote unachofanyia kazi, wasalimie wazee, omba ruhusa, wapigie wasikilize. Babu mmoja aliposikia zeze lile alinyamaza kwanza, halafu akaniambia wimbo huu unaimbwa wakati gani na nani anaanza, mambo ambayo kwenye katalogi hayapo. Yaandike siku hiyohiyo na jina lake, kama amekubali, na nakala ya rekodi muachie.