Kuosha basalti ya visiwa kwa asidi kabla ya kupima isotopu

Maji ya bahari yana uwiano wa 87Sr/86Sr (isotopu mbili za strontiamu, yaani aina zake zenye uzito tofauti) wa takriban 0.7092, ilhali basalti, mwamba wa volkano, za visiwa vya Mangaia au St. Helena huwa karibu na 0.703. Kwa hiyo uchafu kidogo tu wa bahari hukupa chanzo cha manteli (tabaka lililo chini ya ganda la dunia) ambacho hakipo.

Vunja mwamba uwe chembe za milimita 0.5 hadi 1, kisha chagua kwa kibano chini ya hadubini: tupa zenye kutu, zeoliti (madini yanayoota mwamba unapochakaa) au vitundu vilivyojaa madini meupe. Kazi hii inachosha, lakini hakuna asidi itakayoifidia.

Weka chembe kwenye kikombe cha tefloni, mimina asidi hidrokloriki (HCl) ya moli 6 kwa lita, pasha moto, kisha tikisa kwa mawimbi ya sauti. Kimiminika kitageuka njano au kijani. Kimwage, rudia hadi kibaki angavu. Suuza kwa maji safi mara mbili.

Yeyusha chembe kwa asidi hidrofloriki (HF) na asidi nitriki (HNO3). HF hupenya ngozi na maumivu huweza kuchelewa, hivyo jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla ya kufungua chupa.

Tenganisha rubidi vizuri kwenye safu ya resini, maana isotopu yake 87Rb ina uzito karibu sawa na 87Sr, hivyo hukaa juu yake kwenye kipimo. Pima pia sampuli tupu (kemikali zilezile bila mwamba), hasa kwa metali ya risasi (Pb): vumbi la chumba linatosha kuharibu 206Pb/204Pb.