Njia ya upadri wa jimbo: karatasi kwanza, kanzu baadaye

Ukitaka kuwa padri wa jimbo katika Kanisa Katoliki, yaani padri aliye chini ya askofu wa jimbo, anza kwa paroko wako, si kwa askofu wala kwa gombera (mkuu) wa seminari, chuo cha mapadri. Paroko atauliza kwenye jumuiya yenu ndogo ndogo kama unaonekana kwenye sala kila wiki au unaonekana Pasaka tu, kisha ataandika barua kwa mkurugenzi wa miito, anayeshughulikia wanaoomba upadri jimboni.

Barua huambatana na vyeti vya ubatizo na kipaimara, na hapa wengi hukwama. Cheti kilicholala kabatini tangu Komunyo ya kwanza hakitoshi. Omba kipya parokia ulikobatizwa. Pembeni mwa jina lako kwenye kitabu cha wabatizwa huandikwa kipaimara, ndoa, nadhiri za daima (za watawa) na daraja takatifu (ushemasi, upadri, uaskofu), na cheti kipya hubeba maandishi hayo. Ndivyo Kanisa linavyojua kuwa hujafunga ndoa mahali popote. Linganisha majina pia: Yohana wa ubatizo akiwa John kwenye cheti cha kidato cha nne, shughulikia mapema.

Kama uliwahi kuondolewa seminari nyingine, sema. Sheria ya Kanisa inadai ushuhuda wa mkuu wa seminari ile, hasa kuhusu sababu. Ukificha, likigundulika utakuwa na makosa mawili.

Masomo ni miaka isiyopungua 6: falsafa 2, teolojia 4. Kwa Tanzania, mafrateri (wanafunzi wa upadri) husoma, kwa mfano, falsafa katika seminari za Kibosho au Ntungamo, na teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Ongeza mwaka wa malezi mwanzoni na mwaka wa kichungaji parokiani, ambao hupima mtu kuliko mtihani wowote: huko kigangoni (tawi la parokia) frateri huelekezwa na katekista mwenye umri wa baba yake, na asiyeelekezeka huonekana upesi.

Kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadri, lazima uwe umepokea huduma za usomaji (kusoma Neno) na uakolithi (kutumikia altareni), na kati ya uakolithi na ushemasi ipite miezi 6. Utamwandikia askofu, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba unaomba daraja kwa hiari na kwa maisha yote. Ushemasi ndio unaokufunga: useja unaanzia hapo, na unakuwa mklero (mtumishi mwenye daraja) wa jimbo hilo. Upadri hufuata baada ya miezi 6 au zaidi, nao haupewi aliye chini ya miaka 25. Kuchelewa si balaa. Mtanzania Laurean Rugambwa alipadrishwa Desemba 1943 akiwa na miaka 31, akawa askofu 1952 na kadinali 1960.

Kila daraja hutanguliwa na mafungo ya siku 5 au zaidi. Nyumbani waambie wasishone vitenge vya sare wala kuchapisha kadi kabla barua ya askofu haijatoka. Tarehe husogea, na kitenge kilichochapwa tarehe hakirudishwi dukani.