Fender, Gibson au Yamaha? Kuchagua gitaa la umeme ukiwa Arusha

Kabla ya kuuliza bei, jiulize gitaa litapigwa wapi. Mpiga solo wa bendi ya dansi, mpigaji wa kwaya na kijana wa roki hawahitaji chombo kimoja, hata kama fedha zao zinalingana.

Fender ilitoa Telecaster mwaka 1951 na Stratocaster mwaka 1954. Shingo imefungwa kwa skrubu, na kutoka nati (kipande cha mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa) hadi daraja (nyuzi zinapokalia kwenye mwili) ni milimita 648. Sauti inang'aa na kila noti inasikika peke yake, kwa hiyo solo safi ya dansi inakaa humo vizuri. Tatizo ni pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja: hukoroma karibu na taa za tyubu na adapta duni, na ukumbi usio na ethi (waya wa umeme unaoingia ardhini) huzidisha balaa.

Gibson Les Paul ilianza mwaka 1952. Kutoka nati hadi daraja ni milimita 628, hivyo nyuzi huvutika kwa ulaini zaidi, na pikapu za koili mbili hufuta mkoromo. Nyingi hupita kilo 4. Ibada ndefu italiambia bega lako. Shingo imegundishwa na kichwa kimelala nyuma, huku mbao ikiwa nyembamba nyuma ya nati. Lipakie kwenye buti la Coaster ndani ya mfuko wa kitambaa, lianguke chali, na hapo ndipo litakapovunjika. Epiphone, iliyo chini ya Gibson tangu 1957, hurithi umbo hilo na udhaifu wake kwa bei ndogo sana.

Ibanez RG ina shingo nyembamba na fureti (vyuma vya kukatisha shingo) 24, kwa wapenda kasi. Ila ogopa zile zenye daraja linaloelea, yaani lililoshikwa na springi tu: uzi mmoja ukikatika, zilizobaki hupanda sauti zote, katikati ya wimbo.

Kwa gitaa la kwanza, Yamaha Pacifica 112 inazishinda zote hizi. Ina pikapu mbili za koili moja na moja ya koili mbili, kwa hiyo inakwenda kwaya na roki bila kulalamika.

Kwa bei za Marekani, Squier (tawi la bei nafuu la Fender) na Pacifica huanzia dola mia mbili na kitu hadi mia nne. Les Paul Standard halisi hupita 2,500. Ukionyeshwa "Gibson" mpya kwa bei ya Squier, geuza kichwa cha gitaa ukikague: halisi ina maneno "Made in USA" yaliyogandamizwa kwenye mbao, na kifuniko kidogo juu ya nati kina skrubu 2. Skrubu 3, rudisha mfukoni pesa yako.

Gitaa la mkononi, lililokwisha kutumika, likague hivi. Bonyeza uzi mnene kwenye fureti ya 1 na ya 17; juu ya ya 7 pabaki mwanya wa takriban milimita 0.25. Mwanya mkubwa hurekebishwa kwa chuma cha ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja, usilazimishe. Kwenye fureti ya 12, uzi mnene ukae kama milimita 2 juu. Kisha linganisha kwa tyuna (kipima sauti) noti ya fureti ya 12 na mlio wa kugusa uzi hapohapo bila kubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kitandiko cha daraja (kipande kinachobeba uzi huo) kirudishwe nyuma.

Januari na Februari pitisha kidole pembeni mwa shingo. Mbao hukauka, ncha za fureti hutokeza na kukwaruza. Fundi huzipiga tupa. Fureti zilizochimbika chini ya nyuzi ni kazi kubwa zaidi, shusha bei. Ufa nyuma ya nati ya Les Paul, hata ulioungwa, ushushe zaidi.

Kitufe cha sauti kikikwaruza mara nyingi ni vumbi tu. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme hulimaliza. Usiliache gitaa zuri kwa ajili ya hilo.