Gemu Likizima Katikati, Anza na Joto

Usikimbilie kufuta Windows. Tazama kwanza gemu linazimaje. Gemu likijifunga lenyewe na kukurudisha kwenye desktopu, mara nyingi shida ni faili au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama kadi ya picha. Kompyuta nzima ikikata ghafla, shuku joto au pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani.

Hapa Tanga mimi huanza na joto, maana vumbi na hewa ya chumvi havina huruma. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha pulizia vumbi litoke, hasa kwenye mapezi ya hitisinki, chuma kinachopoza prosesa. Ukimaliza, cheza huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha nyuzijoto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, pesti inayopitisha joto kati yake na hitisinki huenda imekauka. Ifute, paka mpya.

Joto liko sawa? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu kila siku gemu lilipokufa. Soma jina la faili lililogoma: likianza na nv, ni draiva ya kadi ya picha ya NVIDIA, iondoe kabisa, weka upya. Likiwa la gemu lenyewe, Steam, ile programu ya kununulia magemu, inaweza kukagua faili zake na kushusha zilizoharibika.

Majina yakibadilika kila mara, mtuhumiwa wangu ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hasa ya mtumba iliyochanganywa. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, jaribu kipande kimoja kimoja, kibovu kitoe.